Sahani Sabini na Mbili

Kila siku baada ya masomo, Redio alikuwa na kazi tatu za kufanya kabla ya kufungua daftari lake. Kwanza alifagia vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Kisha alipitisha sumaku sakafuni ili kuokota sindano zilizoanguka, kwa sababu mama yake aliwahi kuchomwa na sindano unyayoni akachechemea wiki nzima. Mwisho alimtungia uzi shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye macho yake yaliona kila kitu barabarani isipokuwa tundu la sindano.

Kiwanda chao cha ushonaji kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kulikuwa na cherehani mbili za kukanyaga, pasi, meza ndefu, na kioo cha wateja kilichokuwa na ufa pembeni. Mama alikata na kushona. Shangazi alitia vifungo, alikunja pindo na kutoa maneno ya kuchekesha, na hayo ya mwisho ndiyo yaliyowarudisha wateja wengi.

Redio halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimpa jina hilo alipokuwa darasa la nne, kwa sababu aliweza kuwaiga watangazaji wa habari za Kiingereza. Aliiga vituo vyao, pumzi zao, hata namna walivyokohoa kidogo kabla ya kuaga. Sasa alikuwa darasa la sita na jina lilikuwa limemkaa kama nguo iliyopimwa.

"Mtoto huyu Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba," shangazi aliwaambia wateja. "Mimi nikimsikiliza nasinzia kabisa, nadhani nimefungulia taarifa ya habari."

Wateja walicheka. Redio alitabasamu, lakini kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Sauti alikuwa nayo. Maneno hakuwa nayo. Katika yale aliyoyaiga kwa ufasaha, nusu nzima hakujua maana yake. Akikutana na neno jipya kitabuni, aliliruka. Akisikia neno jipya darasani, alitikisa kichwa kama mtu anayelijua tangu utotoni. Daftari lake la insha, lililojaa wino mwekundu, alilikalia ili mtu asilione.

Jumamosi moja asubuhi, mwanamke mmoja mgeni aliingia kiwandani akiwa amebeba jora la kitambaa cha buluu begani. Alikuwa mrefu, mwenye nywele fupi na viatu vya raba. Alikuwa mwalimu wa dansi, ametoka ng'ambo wiki tatu tu zilizopita kuja kufundisha kikundi cha watoto katika ukumbi wa mtaa. Alisema "Habari" na "Asante", kisha Kiswahili chake kikaishia hapo.

Mama alimtazama Redio. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu mpaka kumi.

"Njoo, mwanangu. Leo ndiyo siku yako."

Redio alinyoosha mgongo. Mgeni alizungumza haraka, lakini mambo mengi yalieleweka. Alitaka sketi kumi na mbili za watoto. Onyesho lingekuwa Jumanne, siku kumi kutoka hapo. Angekuja kuzitazama Ijumaa kabla yake. Redio alitafsiri kila kitu kwa sauti ya mtangazaji, na shangazi akaacha kushona ili amsikilize vizuri.

Ndipo mgeni alipotaja neno ambalo Redio hakulijua. Lilisikika kama "pliits". Alilisema mara mbili, kisha akauzungusha mkono wake hewani kuonyesha duara, akazunguka na yeye mwenyewe mzunguko mmoja.

Redio alihisi masikio yanapata moto. "Pliits" ni nini? Neno la karibu alilolijua lilikuwa "plates", yaani sahani. Sahani ni duara, na mgeni ameonyesha duara. Huenda kwao wanalitamka hivyo, akawaza.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anataka sahani."

"Sahani? Kwenye sketi?"

"Ndiyo. Kuzunguka sketi yote."

Mama aliweka chaki mezani. "Mwulize tena, mwanangu. Sahani za kulia chakula?"

Lilikuwa jambo dogo tu, kumgeukia mgeni na kuuliza. Lakini shangazi alikuwa anamwangalia kwa fahari. Mlangoni walikuwapo wateja wawili wanaosubiri zipu zao, nao walikuwa wanamwangalia. Redio alimgeukia mgeni, akasema tu, "Yes, yes. No problem." Kisha akamwambia mama, "Amesema ndiyo. Ni michoro ya sahani. Kwao ndiyo mtindo wa sasa."

Mgeni alitoa shukrani akaenda zake.

Mama alilipima lile jora kwa tepu. "Kitambaa kingi hiki cha nini kwa sketi za kawaida?" akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Haya. Mteja amesema."

Jumatatu, mwalimu wa Kiingereza aliingia darasani na kamusi yake nene yenye jalada lililotoka, kama kawaida yake. "Kabla hatujaanza, nani ana neno lililomtatiza wikiendi hii?"

Mikono mitatu ilinyanyuka. Ulimi wa Redio ulikuwa na neno tayari. Angeliuliza, angepata jibu kwa nusu dakika. Lakini mvulana aliyekaa nyuma yake alinong'ona, "Redio haina maswali, inajua yote," na wenzake wakacheka kwa wema kabisa. Redio akauacha mkono wake juu ya dawati.

Wiki nzima mama alishona. Alikata duara za kitambaa cheupe, ndogo kama kiganja cha mtoto, akazishonea kwenye kila sketi, sita kuzunguka. Kila duara aliitilia duara nyingine ndani kwa uzi wa buluu, ili ionekane kweli ni sahani yenye ukingo. Shangazi alizihesabu zote Alhamisi jioni. "Sahani sabini na mbili," akasema. "Sasa tumebakiza kumkaribisha mtu tu."

Ijumaa mgeni alifika mapema. Redio alikuwa ametoka shule wakati huohuo, mkoba ungali mgongoni. Mama alizitandaza sketi zote mezani, zimepigwa pasi, akasimama pembeni mikono imeshikana mbele, kama afanyavyo fundi anayejua kazi yake ni safi.

Mgeni aliinua sketi moja. Akaigeuza. Akaiinua ya pili. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeingia nyumba ambayo si yake. Akaigusa duara moja kwa kidole na kumwuliza Redio, taratibu, hivi ni vitu gani.

Redio alielewa swali hilo vizuri sana. "Plates," akajibu kwa sauti ndogo.

"Plates?" Mgeni alifumba macho, akafumbua. Halafu alichukua karatasi ya kukatia na chaki, akachora sketi. Akaichorea mikunjo, mmoja baada ya mwingine, kutoka kiunoni hadi pindoni. Akaigonga ile michoro kwa chaki. "Pleats," akasema.

Marinda! Alitaka sketi za marinda, zinazofunguka kama mwavuli mtoto anapozunguka. Ndiyo maana mkono wake ulizunguka. Ndiyo maana kitambaa kilikuwa kingi.

"Anasemaje?" mama akauliza. "Amezipenda?"

Mambo mawili yalimpitia Redio kichwani kwa haraka. Angeweza kumwambia mgeni kwamba mama ndiye aliyekosea. Mama asingeelewa neno hata moja. Angeweza kumwambia mama kwamba mgeni amebadilisha mawazo. Mgeni naye asingeelewa. Alikuwa amesimama katikati ya watu wawili, na wote wawili walikuwa wanamwamini.

Alimtazama mama. Kwenye kidole chake cha shahada kulikuwa na plasta mbili, moja juu ya nyingine.

"Mama, ni mimi," akasema. Sauti ya mtangazaji ilikuwa imepotea kabisa. "Hakusema sahani. Alisema marinda. Sikulijua lile neno. Uliponiambia nimwulize tena, sikumwuliza. Niliona aibu."

Cherehani ya shangazi ilinyamaza.  Mama alivuta kigoda akaketi, akaitazama meza nzima, sketi kumi na mbili, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Redio angependelea kupigiwa kelele.

"Mwambie na yeye," mama akasema hatimaye. "Kwa Kiingereza. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Ilikuwa sentensi ngumu kuliko zote alizowahi kusema. Alitafuta maneno, akayakosa, akatumia mengine. Hayakutoka kama ya redioni. Yalitoka vipandevipande, lakini yalikuwa yake, na mgeni aliyasikiliza mpaka mwisho. Kisha alimshika bega na kuonyesha kalenda ukutani. Onyesho Jumanne. Leo Ijumaa.

Mama alikuwa tayari amesimama. Aliivuta sketi moja, akaufungua mshono wa ubavuni kwa wembe, akapima kwa vidole. "Kitambaa kimebaki kingi," akasema. "Tukizifumua, tukaongeza vipande pande zote, marinda yatapatikana. Na hizi alama za sindano zitaingia ndani ya mikunjo. Hakuna atakayeziona." Akamgeukia Redio. "Mimi na wifi tutakata na kushona. Sahani ni zako. Zote. Na usinichanie kitambaa."

Redio alifumua sahani sabini na mbili. Alianza Ijumaa hiyohiyo, akaendelea Jumamosi toka asubuhi, akikata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, shingo ikimuuma, vidole vikiwa vyekundu. Hakuna aliyemwonea huruma, na hakuna aliyemsimanga. Shangazi alisema mara moja tu, "Redio ina shida moja, mwanangu. Inasema mchana kutwa, lakini masikio haina," kisha akampa kikombe cha chai.

Jumamosi hiyo mchana, mgeni alikuja kusaidia. Alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akaomba kazi kwa ishara. Mama akampa pasi. Basi wakawa wanne, mmoja anafumua, wawili wanashona, mmoja anapiga pasi marinda. Mgeni alikuwa na kidaftari kidogo mfukoni. Kila aliposikia neno la Kiswahili, aliuliza, akaliandika, akalisema. Alisema vibaya, akasema tena.

Mara akaona sketi moja imechafuka kwa chaki. Akaiinua juu, akakusanya pumzi yake yote, akatangaza kwa Kiswahili: "Mama! Mimi nataka kufa!"

Mkasi ulimdondoka mama. Shangazi aliruka kutoka kwenye kigoda. "Usife, mwalimu! Subiri angalau Jumanne ipite!"

Mgeni aliduwaa, sketi mkononi. Redio alielewa, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Alisugua ngumi zake kama mtu anayefua nguo. "Kufua," akasema. Kisha akalaza kichwa begani, akafumba macho, akatoa ulimi nje. "Kufa."

Mgeni aliangalia ngumi, akaangalia ulimi, na aliposhika maana alicheka kuliko wote, mpaka ikabidi aiweke pasi chini. Redio alimsubiri aone haya. Huyu alikuwa mtu mzima, tena mwalimu, na ametangaza kifo chake mbele ya watu. Lakini mgeni alitoa kidaftari chake, akanyoosha kalamu kwa Redio. "Tena," akasema. "Sema tena, tafadhali."

"Kufua."

"Kufwa."

"Ku-fu-a. Tazama mdomo wangu."

Mgeni aliinama, akautazama mdomo wa Redio kama fundi anavyotazama saa. Alijaribu mara tano. Mara ya sita ikatoka sawasawa, na kiwanda kizima kikapiga makofi. Redio alizirudia sahani zake akiwa na fikra nyingi. Alikuwa akidhani anayeuliza anajipunguzia heshima. Mbona huyu heshima yake haikupungua? Alikuwa ameongeza neno moja, na wote waliokuwa chumbani walizidi kumpenda.

Naye akajikuta anauliza. Alinyoosha mkono kuonyesha zipu, pindo, mshono, uzi. Mgeni alimtajia jina la kila kitu, polepole, naye akayaandika nyuma ya karatasi ya kukatia. Kabla ya jioni alikuwa na maneno kumi na tisa, yote ya vitu vilivyokuwa mbele ya macho yake kila siku.

Jumatatu darasani, mwalimu wa Kiingereza alipouliza nani ana neno, Redio alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Mvulana wa nyuma alishtuka hadi kalamu ikamwanguka. Redio akaeleza kisa chote, marinda na sahani, bila kujitetea. Darasa lilicheka, na yeye akacheka nao.

Mwalimu hakucheka sana. Aliandika ubaoni maneno mawili mawili: "ship" na "sheep", "full" na "fool", "live" na "leave". "Masikio yetu yamezoea Kiswahili," akasema, "ambapo 'i' ni 'i' moja tu, na 'u' ni 'u' moja. Kwa Kiingereza kila moja iko ya kuvuta na ya kukata. Ukiivuta 'i' unapata kondoo, ukiikata unapata meli. Anayetaka kupanda meli asije akapanda kondoo." Akawafanya wayaseme wawili wawili, mmoja akisema, mwingine akionyesha kwa kidole neno alilolisikia. Nusu ya darasa walikosea, na Redio alikuwa mmoja wao.

Baada ya kipindi mwalimu alimwita Redio mezani pake. "Sauti nzuri unayo, na ni kipaji. Sasa ipe kitu cha kubeba. Maneno matano kwa siku yanatosha, lakini kila neno liandikie sentensi yako mwenyewe, ya kitu ulichokiona. Na nakupa sentensi moja kubwa kuliko zote." Akaiandika kwenye kipande cha karatasi: "Could you say that again, please?" Akamwuliza maana yake. Redio akaijua mara moja. Ilikuwa ileile ambayo mgeni alimwambia Jumamosi: sema tena, tafadhali.

Jumanne jioni ukumbi wa mtaa ulijaa. Watoto kumi na wawili waliingia na sketi za buluu, wametulia, nguo zimenyooka. Ngoma ilipoanza walizunguka wote kwa pamoja, na marinda yakafunguka, buluu juu ya buluu. Mama alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu mikunjo kwa midomo yake, na alipomaliza akashusha pumzi.

Wiki mbili baadaye mgeni alirudi kiwandani na kazi nyingine: mashati ya kikundi hichohicho. Mlangoni kulikuwa na wateja wanne, na shangazi alikuwa ameshaanza kuwaambia habari za maji ya bomba. Redio alichukua daftari, akaandika. Mikono mifupi. Vifungo vitano. Kisha mgeni akataja kitu cheupe kwa neno ambalo masikioni mwa Redio lilikuwa "colour", yaani rangi. Rangi nyeupe. Ilikuwa rahisi kabisa, na kalamu ilishagusa karatasi.

Lakini kwa nini aseme nyeupe, wakati kitambaa alichokileta ni cha manjano?

Redio aliinua kalamu. Wateja wote walikuwa wanamtazama. "Could you say that again, please?"

Mgeni akalisema tena, akafungua mdomo zaidi. "Collar." Na akaigusa shingo yake, pale ukosi wa shati ulipokunjwa.

"Collar," Redio akasema. "Si colour." Alilisema mara tatu mpaka mgeni akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia mama. "Shati la manjano, ukosi mweupe. Nimeuliza mara mbili, mama. Nina uhakika."

Mmoja wa wateja alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe naye huuliza?" Mama alisikia.

"Anauliza," mama akajibu kwa sauti ya kawaida, huku akilitandaza lile jora mezani. "Ndiyo maana namwamini." Mgeni alipoondoka, alimwita Redio karibu na meza ya kukatia. "Mwanangu, siku ile hukutuharibia kazi kwa sababu hukujua neno. Kila mtu kuna maneno asiyoyajua. Uliharibu kwa kuficha kwamba hujui, na ukafunika kwa uongo ili watu waendelee kukusifu. Sifa kama hizo zinakuwa kazi ya kuzilinda, hata kujifunza huwezi. Leo umeuliza neno moja tu mbele ya watu, na mashati yote yameokoka. Ukiuliza hivyo kila siku, lugha utaijua kweli, tena kuliko hao unaowasikia redioni."

Akachukua chaki, akachora mstari wa kwanza kwenye kitambaa. Halafu akasita.

"Hebu lile neno la ukosi," akasema. "Liseme polepole. Mimi nilijifunza mpaka kumi tu."

Redio akasogea mbele yake, ili mama auone mdomo wake vizuri. "Collar."

"Kala," mama akasema.

"Karibu, mama. Tena."

Mama akaweka chaki chini, akavuta pumzi, akajaribu tena.